Ziwa Ambalo Ramani ya Bayomi Hailioni

Katika ramani ya bayomi inayochapishwa kwenye vitabu vya shule, yaani ramani inayogawa nchi kavu ya dunia katika maeneo makubwa yenye tabianchi na uoto unaofanana, wilaya ya Nchelenge katika Jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia, hupakwa rangi moja na Tabora, Katavi na Katanga: rangi ya savana, au, pale mchoraji alipokuwa makini zaidi, rangi ya misitu ya miombo. Kwa kipimo cha dunia nzima rangi hiyo haina kosa, kwa kuwa mvua hunyesha kati ya Novemba na Aprili, kisha hufuata miezi ya ukavu, na miti itawalayo nje ya mashamba ni ya jenasi za Brachystegia na Julbernardia. Hata hivyo, watu wa Nchelenge na Kashikishi, miji miwili iliyokaribia kuungana ufukweni, hupata sehemu kubwa ya riziki yao katika Ziwa Mweru, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 5,000, ambalo ramani hiyo huliacha kuwa doa la buluu lisilo na maelezo. Swali linalozuka ni iwapo mwanafunzi wa sekondari wa ufukwe huu afundishwe ikolojia kuanzia kwenye ramani, akishuka ngazi kwa ngazi mpaka kwao, au aanzie ziwani.

Swali hili limepata uzito mpya, kwa sababu mitaala ya ukanda huu inaelekea kwenye umahiri, maana yake uwezo wa kutenda na kuchanganua badala ya kukariri: Kenya ilianza mwaka 2017, Tanzania ikaanza kutekeleza mtaala wake ulioboreshwa mwaka 2024, na Zambia ikaanza utekelezaji wa wake mwaka 2025. Jibu linalotolewa kwa wepesi ni kwamba mtoto huelewa zaidi kile anachokifahamu. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana, kwani mtoto wa mvuvi hahitaji mwalimu amweleze samaki anavyovuliwa, na ana haki ileile ya kujua tundra na majangwa kama mtoto wa Lusaka. Hoja yenye nguvu ni nyingine: ziwa hili hubishana na kitabu, na mwanafunzi hujifunza sayansi pale anapolazimika kuamua kati ya maelezo mawili yanayogongana.

Mfumo ikolojia, dhana iliyopewa jina na mwanabotania Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935, ni jumla ya viumbe hai wa mahali fulani pamoja na maji, udongo, hewa na nishati wanavyovitegemea. Mwaka 1942 Mmarekani Raymond Lindeman alionyesha jinsi nishati inavyopungua inapopita kutoka kwa mimea hadi kwa walaji, na tangu hapo vitabu hufundisha kwamba takriban sehemu moja ya kumi tu ndiyo huvuka kila ngazi. Mwalimu wa Nchelenge anayeeleza jambo hilo kwa mfano wa nyasi, pundamilia na simba anawataka wanafunzi wawazie wanyama ambao wengi wao hawajawahi kuwaona, ilhali nje ya dirisha la darasa chisense wameanikwa juani. Samaki hawa wadogo, walio jamii moja na dagaa wa Ziwa Tanganyika ambao Wazambia huwaita kapenta, hula hasa wanyama wadogo mno waeleao majini, na wanyama hao nao hula mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapowaka samaki hutawanyika na wavuvi hurudi na kidogo. Swali la kwa nini samaki wafupi kuliko kidole wanaweza kulisha watu wengi kuliko samaki wakubwa wala-nyama hujibiwa na Lindeman moja kwa moja, kwa kuwa kadiri mlaji anavyokaribia mimea ndivyo nishati iliyopotea njiani inavyokuwa ndogo.

Kulinganisha maziwa hayo mawili kunafundisha zaidi. Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470 mahali pa chini kabisa, lina matabaka ya maji yasiyochanganyika kikamilifu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kadiri maji ya juu yanavyopata joto ndivyo virutubisho vya chini vinavyoshindwa kupanda. Mweru, ambalo kina chake cha wastani hakifiki mita 10, hukorogwa na upepo mpaka chini. Dagaa wa Tanganyika na chisense wa Mweru ni ndugu, lakini hatima yao hutegemea mambo tofauti, na tofauti hiyo haimo katika ramani yoyote ya bayomi, kwa kuwa maziwa yote mawili yamezungukwa na miombo.

Mgongano mkubwa zaidi unahusu uvuvi kupita kiasi. Kitabu husema kwamba nyavu zikizidi samaki huisha, na Mweru lina ushahidi wa kauli hiyo: mpumbu, samaki aliyepanda Mto Luapula kwa makundi kutaga mayai mvua zinapoanza, alivuliwa safarini mwake ili kulisha migodi ya Katanga na Ukanda wa Shaba, na kufikia miaka ya 1950 misafara hiyo mikubwa ilikuwa imekoma. Lakini ziwa hilohilo lina ushahidi wa upande wa pili. Watafiti kama Jeppe Kolding na Paul van Zwieten, waliochambua kumbukumbu za miaka mingi, walihitimisha kwamba kupanda na kushuka kwa samaki wengi wa Mweru hufuata zaidi kimo cha maji kuliko idadi ya wavuvi, kwani maji yanapofunika vinamasi vya Luapula ya chini hubeba virutubisho na kufungua mazalia mapya. Kauli hizo mbili hazifutani. Samaki anayetaga mara moja kwa mwaka, tena katika njia moja inayojulikana, huangamizwa kwa urahisi. Anayekua upesi na kuzaliana bila kukoma hustahimili mengi. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo ameielewa ikolojia kuliko anayetaja bayomi zote kwa mpangilio.

Jambo hili lina makali yake nje ya darasa. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, sheria ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaliane, na muhula wa kwanza wa shule huanza Januari nyumba nyingi zikiwa bila mapato ya ziwa. Somo linalorudia tu kwamba wavuvi ni waharibifu humfanya mtoto awe shahidi dhidi ya wazazi wake, tena kwa ushahidi nusu. Na somo linalodai kwamba uvuvi haudhuru chochote humdanganya. Hapa ndipo mwalimu anahitaji ujasiri ambao mwongozo wa mtaala hauwezi kumpa.

Mapingamizi yapo. Maji ya ufukweni yana kichocho na mamba, kwa hiyo kuwapeleka wanafunzi kuchota sampuli si jambo la kubahatisha, ingawa kifuniko cheupe cha bati kilichofungwa kamba na kushushwa kutoka kwenye mtumbwi, chini ya uangalizi wa mtu mzima, hutosha kupima uangavu wa maji. Idara ya Uvuvi nayo ina watafiti wake Nchelenge, na takwimu za zamani za kimo cha maji na samaki waliovuliwa zinaweza kuchorwa grafu darasani bila mtu kulowana mguu.

Pingamizi zito ni mtihani. Baraza la Mitihani la Zambia humtahini mtoto wa Nchelenge na wa Livingstone kwa karatasi moja, na mwalimu anayetumia wiki tatu kwa chisense huonekana anacheza na alama za wanafunzi wake. Dawa ya hilo si kuandika mtihani wa kila wilaya. Swali likitoa jedwali la kimo cha maji na uzito wa samaki wa ziwa lolote, likamtaka mtahiniwa aamue ni maelezo gani yanayoungwa mkono na namba hizo na yapi yanabaki bila ushahidi, aliyefunzwa kwa Mweru na aliyefunzwa kwa Kariba watalijibu kwa usawa, na aliyekariri orodha ya bayomi hatakuwa na pa kushika.