Ndege zafufuliwa, masimulizi je?

Tarehe 29 Desemba 1962, ndege za kivita za Uswidi aina ya Saab J 29, zikiwa chini ya Umoja wa Mataifa, zilishambulia uwanja wa ndege wa Kolwezi. Mwaka uliotangulia, Fouga Magister moja tu ya Katanga, iliyoundwa Ufaransa, ilitosha kuwahangaisha askari wa Umoja huo.

Leo huko Ulaya mafundi wamezifufua ndege za aina hizo, zikaruka tena. Fundi mwaminifu hubadilisha bati lililooza, lakini umbo haligusi kwa sababu tu yeye anapenda jingine.

Sisi wa Kitivo cha Lugha tuna kazi kama hiyo: kuhifadhi maneno ya wazee waliokuwa chini ndege hizo zilipopita juu. Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa amepita 70. Lakini tukiyaandika masimulizi yao tunayasafisha: “balikuwaka” inageuka “walikuwa”. Hapo hatufufui kitu. Tunaunda ndege nyingine na kuibandika jina la ile ya zamani.

Kuna walimu watakaosema kwamba chuo kinapaswa kulinda Kiswahili sanifu. Ni kweli, na uchambuzi wetu uwe wa sanifu. Ushahidi wa mzee, hata hivyo, ubaki alivyoutamka, na ufafanuzi ukae pembeni.

Ndege mbovu inaweza kumngoja fundi bandani miaka 50. Mzee hangoji.