Chupa za dawa ya pamba zirudi zilikotoka

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Pamba. Na wenyeviti wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega.

Waheshimiwa,

Utaratibu wa kugawa dawa ya pamba unastahili sifa, na naanza kwa kuutolea sifa hizo. Ekapaki, yaani chupa za dawa ya kutosha ekari moja, zinapokewa na AMCOS, jina la mkulima linatafutwa daftarini, ekari zake zinaangaliwa, anachukua mgao wake na kutia sahihi au dole gumba. Kisha anapulizia, funza wa vitumba wanakufa, chupa inabaki. Hapo daftari linafungwa, na hakuna tena anayeuliza chupa ile imekwenda wapi.

Imekwenda nyumbani. Kuna iliyotiwa mafuta ya taa, kuna iliyokatwa ikawa kata ya kuchotea maji, kuna anayoburuza mtoto kwa kamba uani kama gari. Naomba msiseme huo ni ujinga. Mkoa wetu ni mkavu, na kabla mabomba ya mradi wa maji ya Ziwa Viktoria hayajafika kila kitongoji, chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana ni mali. Mama anaisugua chupa kwa sabuni na mchanga, anainusa, haina harufu, anaitumia. Asichokiona ni kwamba plastiki hunywa sehemu ya kile kilichowekwa ndani yake, halafu hukitoa kidogo kidogo kwenye maji au maziwa yanayofuata. Sabuni haifiki huko.

Baadhi ya dawa za pamba ni za kundi la oganofosfeti. Hizo huua mdudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na mishipa ya binadamu huvurugwa kwa njia ile ile: mate na jasho vinamtoka mtu, mboni za macho zinasinyaa, misuli inatetemeka, pumzi inakuwa nzito. Mtoto, kwa wepesi wa mwili wake, hudhurika kwa kiasi ambacho mtu mzima angekivumilia.

Kwa miaka mingi jibu limekuwa elimu. Mkulima anaambiwa asuuze chupa mara tatu, maji ya kusuuzia ayarudishe ndani ya bomba la kupulizia, kisha aitoboe. Maelekezo ni sahihi kabisa. Ila mnamwomba mtu atoboe kitu chenye thamani kwake bila kumpa kingine, na mimi sijui biashara ya namna hiyo inayokwenda.

Ombi langu kubwa ni amana. Kila chupa ya dawa iwekewe amana, tuseme shilingi 500, iandikwe kwenye daftari lile lile la mgao, na mkulima arudishiwe anapoleta chupa tupu iliyosuuzwa na kutobolewa. Sisi wa Bariadi hatuhitaji semina kulielewa jambo hili: soda ya chupa ya glasi huondoki nayo dukani bila kuacha hela ya chupa, na soda haina sumu. AMCOS inayoweza kupeleka ekapaki hadi kwa mkulima wa mwisho kule Meatu inaweza pia kuzipokea chupa zake. Wenyeviti mtasema kazi inaongezeka. Inaongezeka, na ilipwe.

Zikishakusanywa, zisichomwe nyuma ya ghala, maana moshi wake nao ni sumu. Wala zisirundikwe. Vikuge, Kibaha, tani zipatazo 170 za viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki ziliingia mwaka 1986 na kutelekezwa, mpaka ghala likaharibika na sumu ikazama ardhini. Chupa ni mzigo wa kampuni zilizoingiza dawa: zije zizichukue kwa gharama zao, na liwe sharti la usajili. Brazil iliweka wajibu huo katika sheria mwaka 2000, na leo zaidi ya asilimia 90 ya vifungashio vya plastiki vinavyogusana na dawa hurudishwa. TPHPA, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ndiyo yenye kalamu ya kusajili.

Msiniambie nchi hii haiwezi. Tarehe 1 Juni 2019 rambo ilipigwa marufuku, na anayekutwa nayo hutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000. Muuza nyanya alibanwa kwa mfuko mwepesi wa kubebea. Anayeingiza chupa za sumu nchini hajaulizwa zinarudi vipi.

Mambo mawili zaidi, kwa ufupi. Dawa inayopimwa kwa wateja kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo wala rangi ya tahadhari, isakwe na kukomeshwa. Hapo hata anayejua kusoma hana cha kusoma. Pia TPHPA ipitie orodha ya zilizosajiliwa na kuondoa zile zenye ukanda mwekundu wa sumu kali. Sri Lanka ilizizuia dawa za aina hiyo mwaka 1995 na endosulfani mwaka 1998. Huko watu walikuwa wakizitumia kujiua, na kufikia 2005 kiwango cha watu kujiua kilikuwa kimeshuka kwa takriban nusu, na mavuno ya mashambani hayakuporomoka kwa sababu hiyo. Hili la mwisho nalisema kwa Bodi ya Pamba, ambayo najua itauliza habari ya kilo kabla ya yote.

Mgao wa msimu ujao haujaanza. Naomba Mkuu wa Mkoa aziite TPHPA, Bodi ya Pamba na AMCOS mezani kabla ekapaki ya kwanza haijatoka ghalani, na watakachokubaliana kuhusu chupa, pamoja na kiasi cha amana na jina la atakayezichukua, kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila AMCOS.

Wenu,
Mkazi wa Bariadi