Keshero: Duka dogo nalo linawindwa na wezi wa mitandaoni

Wafanyabiashara wengi wa mtaa wa Keshero, komini ya Goma, wanaamini kwamba wezi wa mitandaoni wanatafuta tu benki na makampuni makubwa. Duka la dawa, depo ya vinywaji au shopu ya kutuma pesa kwenye barabara ya Sake ina nini cha kuibiwa? Imani hiyo ndiyo inayowapa wezi nafasi.

Benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia mjini. Tangu hapo simu ikageuka sanduku la fedha. Mishahara, pesa za masomo na malipo ya bidhaa vikapitia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mtaji uliokuwa benki ukahamia kwenye simu, na mara nyingi simu ya duka inashikwa na watu watatu au wanne wanaotumia kode moja ya siri. Anayetaka kuiba hapo hahitaji ufundi mkubwa. Inatosha apige simu, ajiite mfanyakazi wa kampuni ya simu na kuomba hiyo kode.

Sababu za kulenga biashara ni tatu. Kwanza, biashara inakusanya mahali pamoja fedha za watu wengi. Pili, inatunza majina, namba na madeni ya wateja, ambayo mwizi anaweza kuyatumia kudanganya wengine. Tatu, biashara haiwezi kusimama kwa muda mrefu. Mafaili yake yakifungwa na wadukuzi, mwenyewe anashawishika kulipa ili kazi iendelee. Kule Kenya, maduka ya Naivas yalitangaza mwezi wa Aprili 2023 kwamba wadukuzi wa aina hiyo waliingia katika mfumo wao na kuchukua data.

Mfano wa Uganda unafundisha zaidi. Mwezi wa Oktoba 2020, wezi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, kampuni inayounganisha benki na huduma za pesa kwa simu, wakatoa fedha kwa kutumia kadi za simu zipatazo 2,000. MTN, Airtel na benki ya Stanbic zilisimamisha kwa muda utumaji wa pesa kati ya benki na simu. Wezi hawakuvunja mlango wa aliye mkubwa. Walipitia kwa mshirika wake. Hapo ndipo penye hatari kwa Keshero: fundi anayetengeneza kompyuta za maduka kumi akiibiwa kode zake, maduka yote kumi yako wazi.

Mwizi anaweza pia kuwa ndani. Fedha za serikali zilipopotea katika Benki Kuu ya Uganda, habari za kwanza mwaka 2024 zilisema ni wadukuzi. Mwezi wa Februari 2025, maofisa wa Wizara ya Fedha ndio waliofikishwa mahakamani. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Kujilinda hakuanzi kwa kununua mashini za bei kali. Kila mfanyakazi awe na kode yake, na ibadilishwe siku anapoacha kazi. Simu ya pesa isiwe ileile ya kuchezea mitandao. WhatsApp ya duka iwekewe uhakiki wa hatua mbili, na kode ya tarakimu 6 inayokuja kwa ujumbe isipewe mtu yeyote, hata akijitambulisha vipi. Ombi la kutuma pesa nyingi, au habari kwamba mleta mali amebadilisha namba ya malipo, vithibitishwe kwa kumpigia kwenye namba ya zamani. Daftari la wateja na madeni linakiliwe kila juma kwenye diski isiyobaki imechomekwa kwenye kompyuta. Programu za wizi, ambazo wengi wanaziweka kwa sababu ni za bure, ziondolewe, kwani mara nyingi zinabeba virusi.

Kongo ina Sheria ya Kidijitali tangu Machi 2023, na inaadhibu uhalifu huu. Lakini katika mji uliotengana na Kinshasa, kufuatilia kesi si jambo jepesi, na pesa ikishatolewa kwa namba ya mbali ni vigumu irudi. Ndiyo maana makampuni ya simu, yanayopata faida kwa kila muamala, yana deni kwa Goma: kuwafundisha wenye shopu, na kufunga haraka namba inayolalamikiwa.

Wenye maduka nao waache desturi ya kumkata mshahara msichana wa kaunta kila pesa inapopotea. Mfanyakazi anayeogopa kulipishwa atanyamaza, na saa ya kwanza ndiyo inayoweza kuokoa fedha. Anayejua kwamba akitoa taarifa atasikilizwa, atapiga simu mara moja. Ulinzi huo hauna gharama, na kila duka la Keshero linaweza kuuanza leo.