Cheka Waingereza, Lakini Uliza Reli Yako Imefungwa kwa Nyuzi Ngapi

Jamani, leo naomba niwaharibie utani mmoja.

Kila Uingereza inapopata joto watu wanatumiana picha za mafundi wakipaka reli rangi nyeupe, na chini yake kejeli: nyuzi 30 tu treni zinatambaa, waje Dar mwezi Februari! Juzi tumecheka hadi machozi kwenye chumba cha habari. Na mimi nilicheka. Kisha nikafanya kosa la kwenda kusoma.

Chuma kikipata joto hutanuka. Tulifundishwa sekondari, tukajibu mtihani, tukasahau. Reli ya kilomita moja ikipanda joto kwa nyuzi 30 inataka kurefuka kwa karibu sentimita 35. Reli za kizamani ni vipande vifupi vilivyoachiwa nafasi kwenye maungio, ndiyo sababu ya ule mlio wa taka-taka, taka-taka. Za kisasa zinachomelewa zikawa kipande kimoja kirefu. Hazina pa kurefukia. Nguvu yote inabaki ndani ya chuma, na ikizidi, njia inajipinda pembeni kama nyoka.

Kwa hiyo fundi anapoifunga reli huchagua joto ambalo chuma hakivutwi wala hakibanwi. Uingereza wanalenga nyuzi 27. Wakilenga 45, reli zitakatika kwa baridi ya Januari. Lakini hewa ikifika nyuzi 30, reli iliyolala juani inaweza kukaribia 50! Sasa unaona? Hatari haiko kwenye ukali wa joto peke yake, iko kwenye umbali kati ya joto hilo na ile namba ya fundi. Rangi nyeupe inapunguza nyuzi 5 hadi 10. Kupunguza mwendo nako kunaipunguzia njia mtikisiko. Tarehe 19 Julai 2022, Coningsby ilipofika nyuzi 40.3, stesheni ya King's Cross jijini London haikutoa treni. Mnaita woga. Mimi naita hesabu.

"Lakini sisi reli zetu zimejengwa kwa joto letu," mwenzangu mmoja akanijibu. Sawa kabisa, nchi za joto hufunga reli kwa namba ya juu zaidi. Ila namba hiyo haijilindi. Reli ikikatwa na kuungwa upya, inabadilika. Kokoto zikichokonolewa wakati wa matengenezo, njia inalegea kwa muda. Aprili 2002 huko Crescent City, Florida, treni ya abiria iliacha njia na watu 4 wakafa. Wachunguzi walikuta njia imejipinda kwa joto, baada ya matengenezo yasiyofanywa ipasavyo. Florida, jamani, si Uingereza. Joto wanalijua.

Hapa ndipo ninapokasirika. Tangu 2024 tunapanda treni ya umeme ya Dar hadi Dodoma, inakimbia kilomita 160 kwa saa, na tunapiga picha za vichwa vya treni na viti. Nani amepiga picha ya kokoto? Kinachozuia reli isijipinde ni kokoto, mataruma na vibanio, pamoja na genge la mafundi wanaotembea juani wakikagua. Anayeng'oa vibanio akauze chuma chakavu, na anayezoa kokoto akajengee ukuta, hao tunawaita vibaka wadogo. Wanachochukua ndicho kilichoishikilia reli isitoroke. Na sisi waandishi tunakimbilia kukata utepe. Bajeti ya matengenezo tunaipa aya ya mwisho, ikibaki nafasi. Nami nimo.

Basi mkutano ujao wa waandishi na wakubwa wa reli, yeyote atakayekuwepo asiulize tena treni mpya zinakuja lini. Aulize reli imefungwa kwa nyuzi ngapi, nani anaipima upya baada ya kila matengenezo, na mchana wa joto kali dereva anaambiwa ashushe mwendo hadi ngapi. Wakijibu kwa namba, tuziandike ukurasa wa kwanza. Wakijibu kwa "tumejipanga vizuri", hiyo nayo tuiandike ukurasa wa kwanza.