Hatutaki Dirisha Maalumu, Tunataka Benki Nzima

Mwaka 2022 Benki ya NMB iliomba umma uikopeshe shilingi bilioni 25 kupitia hati fungani ya Jasiri, kwa ajili ya kuwakopesha wanawake wajasiriamali. Ikapata zaidi ya bilioni 74. Mwaka uliofuata CRDB ikaja na hati fungani ya Kijani kwa miradi ya mazingira. Iliomba bilioni 40, watu wakaleta zaidi ya bilioni 171. Kwa hiyo asiniambie mtu tena kwamba Mtanzania hajali shilingi yake inakwenda kufanya kazi gani, au kwamba uwekezaji unaojali watu na mazingira ni anasa ya Wazungu walioshiba. Pesa ipo, na wenye pesa wameshasema wanachotaka. Kinachonikera ni kwamba tumewasikia, tukawapigia makofi, kisha tukawajengea kijidirisha pembeni na kuacha jengo zima liendelee kama lilivyokuwa.

Sina ugomvi na Jasiri wala Kijani. Ni kazi nzuri na waliozibuni wanastahili heshima yao. Ugomvi wangu ni na hesabu zinazobaki. Shilingi iliyoingia kwa jina la Kijani imefungwa masharti: itumike hapa, itolewe taarifa vile. Shilingi ya akiba ya kawaida, iliyowekwa na mchuuzi wa soko la Mbuyuni pale Moshi mjini, haina sharti kama hilo. Inaweza kwenda kokote ilimradi irudi na riba. Tukikubali kwamba pesa fulani ni ya maadili, tumeiruhusu nyingine yote isiwe nayo.

Panda mlima Kilimanjaro uone maana yake. Chukua mama wa Uru mwenye kihamba cha ekari moja: migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe mmoja anayelishwa zizini. Mibuni yake ni mikongwe na inaliwa na chulebuni na kutu ya majani. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kiko Lyamungo, wilaya ya jirani, na kina aina zinazohimili magonjwa hayo. Anachohitaji ni mtaji wa kung'oa mibuni ya zamani, kununua miche na kuvumilia kama miaka mitatu hadi mavuno ya maana. Aende benki. Ataulizwa hati. Kihamba ni cha ukoo, wakwe zake wamezikwa humo humo uani, na hakuna dalali atakayekipiga mnada bila vita. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati miliki ya kimila ili mtu kama huyu akopesheke, lakini karani wa mikopo akiiona anaigeuza geuza na kuirudisha. Tuseme amepata mdhamini. Rejesho linaanza mwezi unaofuata. Mche wa kahawa hauna mshahara wa mwisho wa mwezi!

Basi anashuka ngazi, anaingia kwenye mikopo tunayoiita kausha damu. Na hapa sizungumzii wale wa vichochoroni peke yao. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa taasisi ndogo za fedha zisizopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 12, ni asilimia 42 kwa mwaka, na hiyo ni kwa yule anayefuata sheria. Asiye na leseni hana hata ukomo, na siku rejesho likikosekana hubeba jiko la gesi, televisheni, hata godoro. Mwenye akiba aliyenunua Kijani aliahidiwa asilimia 10.25 kwa mwaka, naye alifurahi. Kati ya 10 na 42 kuna watu wanaishi vizuri sana, na mama wa Uru si mmoja wao.

Kilimanjaro haihitaji kufundishwa kwamba pesa inaweza kuwa na dhamira. Mwaka 1925 wakulima wa mlima huu walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, wakati walowezi hawakutaka hata kumwona Mchagga na mbuni. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika. Fedha ya kahawa ikasomesha watoto na kujenga shule, na Moshi ikawa makao ya Chuo cha Ushirika ambacho leo ni chuo kikuu. Hakuna aliyeuita huo uwekezaji maalumu. Ndiyo ilikuwa biashara yenyewe.

Kisha, kuanzia miaka ya 1990, KNCU ikaingia kwenye soko la biashara ya haki. Kahawa ikapata nembo kwenye pakiti, bei ya chini iliyohakikishwa na nyongeza kwa ajili ya jamii. Tuliisifu nembo ile, na ilisaidia. Lakini tazama ilipoishia. Bei ya chini ya arabika iliyooshwa ilikaa dola 1.40 kwa ratili kuanzia 2011 hadi ilipopandishwa kufika 1.80 mwaka 2023. Miaka 12! Mbolea haikukaa palepale miaka 12, wala ada ya shule. Nembo haikumgusa kabisa mwenye kukopesha ushirika fedha ya kununulia kahawa ya msimu, wala masharti yake. Ilibaki rafu moja dukani Ulaya, na rafu za jirani zikaendelea na kahawa ambayo hakuna aliyeuliza mkulima alilipwa nini. Dirisha la pembeni lile lile.

Najua jibu litakalokuja: ushirika uliliwa na viongozi wake. Ni kweli, uliliwa, na mkulima aliyeleta kahawa kwenye mizani ya chama cha msingi akasubiri malipo ya pili mpaka akachoka anazo sababu zote za kukasirika. Wengine walikasirika hadi wakang'oa mibuni na kupanda nyanya. Lakini ushirika haukukopa hewani. Mkopeshaji anayetoa fedha bila kukagua bodi na hesabu za mkopaji, kwa sababu tu dhamana ya ardhi inatosha, naye amekula. Kuuliza maswali hayo kabla ya kusaini ndiyo maadili ninayoyadai, na yangewafaa hata wenye hisa za benki.

Nani atalazimisha maswali hayo yaulizwe? Huruma haitaweza. Kanuni itaweza, na ushahidi tunao. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni moja ya kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3 ili nazo zikopeshe wakulima kwa isiyozidi 10, ikatoa na nafuu ya akiba ya lazima kwa benki zinazofanya hivyo. Muda si mrefu benki kubwa zikatangaza mikopo ya kilimo ya asilimia 9. Miaka yote kabla ya hapo tuliambiwa haiwezekani, kilimo kina hatari mno. Iliwezekana mara faida ilipofungwa pamoja na sharti. Sasa sharti lishuke hadi kihamba: rejesho lifuate msimu, risiti za mauzo kwenye chama cha msingi zihesabiwe kama dhamana, hati ya kimila ipokelewe.

Mtihani wa kwanza uko kwa Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Mizizi yake iko Moshi, kwenye Benki ya Ushirika Kilimanjaro. Ikienda kuwa benki nyingine ya kukopesha wenye mishahara, tutakuwa tumepoteza nafasi ambayo haitarudi karibuni.

Tanga nayo imetuonyesha kitu. Mwaka 2024 mamlaka yake ya maji ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hati fungani ya kijani, ya miaka 10, ili kupanua huduma. Moshi inakunywa chemchemi za mlima, na mifongo, mifereji ya wazee, inakauka au kujaa taka. Mamlaka yetu ya maji inangoja nini?

Na kuna mifuko ya pensheni, penye pesa kubwa kuliko zote. Kiwanda cha ngozi cha Karanga, hapa hapa Moshi, ni ubia wa mfuko wa PSSSF na Jeshi la Magereza. Viatu vya ngozi yetu badala ya mitumba, wazo ni zuri. Mchangiaji ana haki ya kujua zaidi ya hapo: kimeleta faida kiasi gani, nani ameajiriwa na kwa ujira gani, maji ya kuchakatia ngozi yanakwenda wapi. Majibu hayo yatolewe kila mwaka, kwa kila jengo, kila hisa na kila kiwanda ambacho mfuko umeweka fedha.

Mwalimu wa Machame, muuguzi wa hospitali ya Mawenzi, makato yako ya mwezi huu yameshaondoka. Kamwambie mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi adai taarifa hiyo kwa maandishi, na asipoidai, mchagueni mwingine.