Vihori vya Kuku wa Uani



Wako wanaotuuliza kama yapasa kununua vihori vya bati kwa kuku wa uani. Sisi twaona haipasi. Tazameni Newala: juu ya uwanda wa Makonde maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na kuku hunywa maji yenye uzito karibu mara mbili ya chakula chake. Huko chombo kinachopinduka ni hasara ya ndoo, si mzaha. Nasi huku visiwani, pumba tunazotupa chini huchanganyika na kinyesi, na vifaranga huugua.

Pasueni mwanzi, muukaze kwa vigingi, ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku. Jazeni theluthi moja tu, wasije wakapekua na kumwaga. Vifaranga na wale peke yao chini ya tenga, kwani wakubwa huwanyang'anya. Maganda ya muhogo mchungu yakaushwe kwanza. Mahindi yenye ukungu msiwape kabisa, hata roho ikiwauma kuyatupa.

Fedha ya kihori cha bati kanunueni chanjo ya mdondo: tone moja jichoni kila miezi mitatu. Twawajua waliolisha vizuri mwaka mzima, mdondo ukawafagilia banda zima kwa juma moja.