Meza Inayonata

Baba mmoja wa Muheto ametuletea swali. Yeye na watu wa nyumba yake walikimbia vita mwaka 2024, kama jamaa nyingi za Masisi. Waliporudi walikuta kitu kimoja tu kimebaki: meza ya mvule aliyoiacha marehemu baba yake, ambayo wote huizunguka jioni kwa chakula na kwa rozari. Ilikuwa imechakaa, basi akaiparuza na kuipaka vanishi mpya. Wiki tatu zimepita, nayo ingali inanata. Madaftari ya watoto hugandamana nayo. Tena mahali pengine vanishi imejitenga, ikaacha vishimo kama macho ya samaki. Mwanawe mkubwa ashauri ipasuliwe kuni. La, kijana, ngoja kwanza.

Macho yale yatoka kwa mafuta. Meza ya miaka mingi imekunywa mawese na nta ya mishumaa, na vanishi haishiki juu ya mafuta. (Kuna wanaoshauri kusugua meza kwa mawese ili ing'ae. Mawese hayakauki kamwe. Tafadhali yaacheni jikoni.)

Kunata kuna sababu mbili. Vanishi ya mafuta haikauki kama nguo kambani; huvuta oksijeni ya hewani, ndipo ikawa ngumu, na kazi hiyo hulegea penye baridi na unyevu. Apakaye jioni, ukungu ukishuka milimani, ajitafutia taabu. Lakini mvule wenyewe pia una dawa ya asili ndani yake inayochelewesha vanishi kukauka. Kwa hiyo baba huyu asijilaumu kupita kiasi.

Afanye nini? Asiongeze vanishi juu ya ile inayonata. Kosa hilo nimeliona mara nyingi. Aiweke meza penye hewa kavu siku kadhaa. Ikiwa bado yanata, aiparuze yote. Kisha apanguse mbao kwa kitambaa chenye spiriti, akibadili kitambaa mara kwa mara, kwani kichafu hurudisha mafuta. Apige msasa kwa kufuata nyuzi za mti, apanguse vumbi. Kwanza apake lakiri isiyo na nta, iliyoyeyushwa katika spiriti: hiyo hukauka upesi, tena huzuia dawa ya mvule na mabaki ya mafuta. Ndipo vanishi, nyembamba, asubuhi ya siku kavu. Asirudie mpaka msasa utoe unga mkavu, ukishikwa, bado.

Spiriti isikaribie moto wala taa. Na vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta visikunjwe na kutupwa pembeni, maana hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandazwe nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke kabisa.